Mziki wa kiwandani: nembo ya spika ina thamani gani Mombasa?

Ukiwasha gari lililoteremshwa melini Kilindini wiki hii, huenda jambo la kwanza utakalosikia ni sauti ya mwanamke akikusemesha Kijapani. Madereva wa Mombasa wameizoea hata hawaishughulikii tena. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Kisha skrini inawaka: ramani ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na televisheni inatafuta mawimbi ya mfumo usiotumika Kenya. Halafu ukitazama kona ya mlango, juu ya wavu wa spika, unaona kibati kidogo kilichoandikwa JBL, Bose au Harman Kardon.

Kibati hicho kina kazi kubwa yadini. Muuzaji akishamaliza kusifu rimu na viti vya ngozi, atakigusa kwa kidole na kukwambia gari hili "lina mziki wake, wa kampuni". Maana yake ni kwamba usitarajie kupunguziwa bei.

Je, mziki huo unastahili kulipiwa zaidi? Anayeagiza gari jipya kabisa, kwa matakwa yake mwenyewe, anaweza kujibu ndiyo na akawa na hoja. Lakini wengi wetu hapa Kisiwani twanunua gari lililotumika, la kuendeshwa baina ya Ganjoni, Mji wa Kale, Nyali na foleni ya feri ya Likoni. Kwa mnunuzi huyo nembo pekee haitoshi. Mziki wa kiwandani hulipiwa baada ya kusikilizwa, na mara nyingi pesa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi mikononi mwa fundi anayejua mlango wa gari umeundwaje.

Nembo nyingi, mwenyewe mmoja

Kuuza mziki pamoja na gari ni biashara ya zamani. Mwaka 1930 kampuni ya ndugu Galvin huko Chicago ilitoa redio ya gari iliyoitwa Motorola. Ilikuwa anasa hasa: bei yake ilizidi dola 100, wakati Ford Model A nzima iliuzwa kwa dola mia tano na kitu. Hatua iliyotufikisha kwenye vibati vya leo ilikuja na magari ya mwaka 1983, pale General Motors ilipoanza kufunga mfumo wa Bose kwenye Cadillac Seville. Wazo la Bose lilikuwa kwamba spika na amplifaya zipangwe kwa kipimo cha gari lile lile: upana wake, viti vyake, vioo vyake. Redio ikaacha kuwa kifaa cha kuongezwa, ikawa sehemu ya gari.

Wazo hilo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Lakini tangu hapo nembo zimeongezeka na wenye nembo wamepungua. JBL inayowekwa kwenye Toyota, Mark Levinson ya Lexus na Harman Kardon ya Subaru zote ni mali ya kampuni moja, Harman, ambayo nayo ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017 kwa takribani dola bilioni 8. Haimaanishi kwamba zote zinalia sawa. Inamaanisha kwamba jina lililoko mlangoni halikwambii mengi kuhusu kilichoko nyuma ya wavu. JBL ya gari moja inaweza kuwa na amplifaya yake, wufa na spika kumi na moja, na ya gari jingine ikawa spika chache tu.

Bei nayo haiko wazi. Ulaya na Marekani, mnunuzi wa Volvo XC90 mpya huambiwa kwamba mfumo wa Bowers & Wilkins wenye spika 19 utamgharimu karibu dola 3,000 zaidi, kwa hivyo anajua anacholipia. Kwa magari ya Japani yanayotujia, mziki mkubwa mara nyingi hufungwa pamoja na vitu vingine katika toleo la juu. Ndivyo ilivyo kwa Toyota Harrier, ambapo JBL huja na toleo lenye viti bora, kamera na mapambo mengine. Huwezi kununua spika ukaacha ngozi.

Halafu Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, inatoza ushuru kwa kutazama bei ya rejareja ya gari jipya la modeli na toleo hilo, ikaipunguza kulingana na umri wa gari. Toleo la juu huwa na bei ya juu kwenye orodha. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT hupandiana juu ya bei hiyo, na spika nazo zimo. Kwa hivyo mziki alioulipia mteja wa Osaka miaka saba iliyopita unalipiwa tena Mombasa, ukiwa umeshachakaa kiasi.

Redio isiyoshika Pwani FM

Kasoro ya kwanza ya mziki uliotengenezewa Japani ni kwamba ulitengenezewa Japani. Redio za huko zilipangiwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni yakafikishwa 95. Kenya hutangaza baina ya 87.5 na 108. Baraka FM iko 95.5, na Pwani FM iko 103.1. Zote mbili, stesheni zinazosikika katika maduka na tuktuk nyingi za hapa, ziko nje ya masafa ya redio hiyo.

Dawa inayojulikana ni expander, kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kuyateremsha mawimbi. Kama kinateremsha kwa megahezi 16, Pwani FM utaipata kwenye 87.1, na Baraka kwenye 79.5. Inafanya kazi na bei yake si ya kumtisha mtu. Ila stesheni zinaweza kupandiana na mikwaruzo ikazidi. Ukilipia spika kumi na moja za JBL kisha ukazilisha mawimbi ya namna hiyo, utakachopata ni mikwaruzo iliyopambanuliwa vizuri.

Kasoro ya pili hujitokeza betri ikifa au ikichomolewa, jambo la kawaida kwa gari lililokaa melini na bandarini kwa majuma. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga na kudai namba ya siri. Nyingine hutaka kadi ya SD ya ramani, na kadi hiyo mara nyingi imeshapotea njiani. Mwenye gari hubaki na mfumo wa maelfu ya dola usiotoa hata sauti ya mbu, hadi ampate mtu wa kuufungua.

Mnyororo wa vifaa

Zamani dawa ya matatizo haya ilikuwa nyepesi: toa redio ya Kijapani, weka redio ya Android yenye skrini kubwa, inayouzwa kuanzia shilingi elfu kumi na kitu. Kwa gari la kawaida dawa hiyo bado inafaa. Kwa gari lenye mziki wa nembo, hapo ndipo mambo huharibika.

Sababu ni kwamba mziki wa nembo ni mnyororo. Redio iliyoko mbele haiendeshi spika moja kwa moja. Hupeleka sauti kwa amplifaya iliyofichwa chini ya kiti au ndani ya buti, na amplifaya hiyo ndiyo inayogawa sauti kwa kila spika kwa mpango uliowekwa kiwandani. Spika zenyewe mara nyingi zina ukinzani wa omu 2 au chini ya hapo, ilhali za dukani kwa kawaida ni za omu 4. Fundi akibadilisha redio bila waya zinazofaa, amplifaya haiamki na gari huwa bubu. Akibadilisha spika peke yake, amplifaya ile ile hutoa karibu nusu ya nguvu iliyokuwa ikitoa. Kwenye BMW, Mercedes na Range Rover za miaka mingi mambo ni magumu zaidi, kwani vifaa huzungumza kwa duara kupitia uzi wa mwanga uitwao MOST, uliotangulia kwenye BMW 7 Series ya mwaka 2001. Kifaa kimoja kikikatika, duara lote hukatika.

Magari mapya zaidi yamekaza fundo hilo. Tangu 2019 Toyota imekuwa ikiweka skrini iliyounganishwa na kamera na mipangilio ya gari lenyewe, na skrini hiyo haitoki kwa urahisi. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane (mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari lililosajiliwa 2018), magari ya namna hiyo ndiyo yanayojaa yadini sasa. Nafuu ni kwamba mengi yanaitambua simu kupitia CarPlay au Android Auto, na simu ndiyo inayoleta ramani ya Mombasa na lugha unayoielewa. Hapo mziki wa kiwandani unarudi kuwa na maana, kwa sababu huna haja ya kuugusa.

Hesabu ya wati

Usidhani basi kwamba dukani ndiko kuliko na ukweli. Sanduku la redio limeandikwa wati 50 mara nne. Chukua kalamu. Umeme wa gari linalonguruma ni volti 14.4 hivi, na spika ni ya omu 4. Kwa umeme huo, redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kuipa spika moja zaidi ya wati 26 za sauti safi, na katika matumizi ya kweli huishia kwenye 20. Zilizobaki zimeandikwa kwa wino tu.

Wala wati si kila kitu. Ukiziongeza maradufu, sauti hupanda desibeli 3, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Ili sauti isikike mara mbili ya ilivyokuwa, unahitaji wati mara kumi. Ndiyo maana amplifaya ndogo ya kweli iliyounganishwa na spika nzuri huishinda kwa mbali redio ya sanduku lenye tarakimu kubwa.

Tuktuk ndiyo inayotoa funzo la bure. Hutoka kiwandani bila mziki wowote, na kila kinacholia ndani yake kimefungwa hapa hapa. Ukipanda ile yenye spika mbili nzuri zilizopangwa nyuma ya kiti cha abiria, utasikia kila neno la mwimbaji hata pikipiki zikipita pande zote. Ukipanda yenye wufa kubwa kuliko betri yake, utasikia mtetemo, na taa za mbele zitapepesa kila besi inapopiga.

Fungua mlango

Anayetaka kujua alichonunua na afungue mlango, maana humo ndimo maswali mengi yanamojibiwa. Paneli ikishavuliwa skrubu zake na klipu zake, hutokea karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata vidoleni. Nyuma yake kuna bati lenye matundu makubwa, na katika tundu moja spika la sentimita 16 hivi limekaa juu ya fremu ya plastiki. Kwenye toleo la chini, koni ni ya karatasi nyepesi na sumaku ni ndogo, mkono mmoja unaifunika. Kwenye toleo la nembo koni huwa ngumu zaidi na sumaku nzito zaidi, lakini mlango ni ule ule, na matundu ni yale yale.

Mlango wa namna hiyo ni ngoma iliyotobolewa ubavuni. Sauti ya nyuma ya spika hupita kwenye matundu, ikakutana na ya mbele, na besi ikamezwa. Bati nalo hutetemeka kwa sauti yake lenyewe. Kuyaziba matundu na kulibandika bati karatasi nzito ya butili huleta mabadiliko ambayo watu wengi hudhani ni ya spika jipya. Jua la Mombasa liangaliwe hapa: karatasi za rahisi zenye lami hulainika na kuteleza gari likiegeshwa mchana kutwa juani. Rahisi huwa ghali.

Kisha gusa ukingo wa spika, ile pete laini inayoshikilia koni. Ukiwa wa mpira, una umri mbele yake. Ukiwa wa povu, uwe na hadhari. Povu la namna hiyo huliwa na unyevu na joto, na unyevu ndio hali ya hewa yetu mwaka mzima. Baada ya miaka huchanika kimyakimya, na dalili yake ni mkoromo kila besi ikipanda. Spika la nembo lenye ukingo uliooza halina tofauti na la karatasi. Vifundo vya waya navyo vitazamwe. Hewa ya chumvi ya Kisiwa huviotesha kutu ya kijani, na sauti ya upande mmoja huanza kukatika. Kwa gari lililokaa pwani miaka kadhaa mikononi mwa mtu mwingine, ukaguzi huu una uzito kuliko jina lililochorwa kwenye wavu.

Unasikiliza nini hasa?

Swali ambalo muuzaji hakuulizi ni hili: mziki huo utauchezea nini? Mifumo mikubwa hujaribiwa kwa rekodi mpya zilizotengenezwa kwa ustadi, zenye besi ya kina na sauti zilizotandazwa kulia na kushoto. Sehemu kubwa ya urithi wa Mombasa haikurekodiwa hivyo. Mbwana Radio, duka la Mji wa Kale pale Pigott Place, lilirekodi na kuuza kaseti za taarab kwa miaka mingi, na kupitia kaseti hizo sauti za Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na ud wa Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, zilisikika majumbani na magarini pwani nzima. Nyimbo hizo sasa ziko kwenye flashi na kwenye simu. Nyingi ni nakala ya nakala ya kaseti. Sauti za juu kabisa zilipotea zamani, na mvumo wa utepe umebaki.

Spika 19 haziwezi kurudisha kilichokwisha kupotea, na mfumo unaotia chumvi sauti za juu utaukuza mvumo kuliko ud. Kinachoitendea haki taarab ni sauti za kati zilizo safi: mahali inapokaa sauti ya mwimbaji, ud, kanuni na fidla. Mawaidha, kaswida, habari na mtangazaji wa mpira hukaa hapo hapo. Mfumo wa kiwandani uliopangwa vizuri mara nyingi ni hodari katika eneo hili, pengine kuliko wufa la buti lililofungwa kwa shauku. Hapo nembo inastahili sifa yake. Tena haijatoboa bati, haijagusa waya za mifuko ya hewa, wala haijapitisha waya mnene usio na fyuzi kando ya tangi la mafuta.

Kuna na suala la jirani. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na kuta ni za mawe ya matumbawe. Gari likipita Ndia Kuu kwa mwendo wa mguu, besi hupenya bati na vioo na kuingia barazani kwa watu kabla ya gari lenyewe kufika. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinampa jirani pa kulalamikia, lakini adabu inatangulia kanuni: msikiti uko kila baada ya kona chache, na wakati wa sala dereva wa hapa hushusha sauti bila kuambiwa. Mziki unaosikika vizuri ukiwa chini ni mali zaidi hapa kuliko unaohitaji kupandishwa ndipo uonekane.

Wakati wa kulipa na wakati wa kukataa

Lipa zaidi kwa mziki wa kiwandani ikiwa gari ni jipya au karibu jipya, skrini inaitambua simu yako, redio inashika stesheni za Kenya bila kidude, na unakusudia kukaa na gari hilo miaka mingi. Lipa pia ikiwa gari ni la Ulaya ambalo mfumo wake hauguswi bila kuvuruga mengine, kwani hapo hutapata nafasi ya pili ya kuurekebisha.

Kataa kulipa zaidi ikiwa skrini ni ya Kijapani na imejifunga, spika zinakoroma, au kilichobaki cha nembo ni kibati peke yake kwa sababu mwenye gari wa kwanza alishabadilisha redio. Kwa gari kama hilo, au kwa Probox ya kazi yenye spika mbili tu, pesa igawe kwa mpango huu: kwanza mlango uzibwe, pili jozi ya spika zenye ukingo wa mpira, tatu amplifaya ndogo yenye fyuzi karibu na betri. Redio yenye skrini ya kung'aa ije mwisho.

Bima nayo isisahauliwe. Mikataba mingi ya bima kamili nchini huweka kikomo cha fidia ya redio, mara nyingi shilingi 30,000 au 50,000, na baadhi bado huandika "redio ya kaseti" kama kwamba hatujatoka miaka ya themanini. Mwenye mziki wa laki tatu aliyeibiwa nje ya feri atalipwa kulingana na maandishi hayo, isipokuwa alitangulia kuutaja na kulipia nyongeza.

Ukifika yadini, basi, usibishane kuhusu nembo. Omba ufunguo, funga vioo, unganisha simu yako na ucheze wimbo unaoujua kila pumzi yake, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya wastani. Peleka sauti mlango mmoja mmoja usikie kama kuna unaokoroma. Tafuta 103.1 kwenye redio. Kizuri chajiuza: mfumo mzima utajitetea wenyewe ndani ya dakika chache, na hapo ongeza pesa kwa moyo mweupe. Muuzaji akisema betri iko chini au redio inasubiri namba ya siri, mwambie atoe bei ya gari lisilo na mziki, kwa sababu ndilo analokuuzia.